Maziwa ya Bi Zuleha na Spidi Bila Kunyonga

Jumatatu, 7 Juni 1982

Makubwa! Bi Zuleha, mwenye hoteli ya chai hapa mjini Shinyanga, ametuita mimi na Jilala, akasema amechoka kupokea maziwa ya watu wawili. Anataka mmoja. Atatutazama hadi Ijumaa. Atakayewahi siku hiyo, kabla wateja hawajakaa, ndiye atakayepewa hoteli aiuzie maziwa peke yake. Mimi, Akida, wa kushindanishwa! Mimi niliyemletea maziwa tangu hoteli ikiwa na benchi moja na sufuria iliyotoboka!

Jilala ana miguu kama magogo. Mimi nina goti bovu, na pedeli ya kushoto imebaki chuma kitupu. Spea hakuna, madukani wanauza rafu tupu. Chausiku, mke wangu, amesema nikiikosa hoteli nitarudi kwa kaka yake Hatibu kubeba marobota ya pamba kiwandani. Nilibeba mwaka juzi. Mgongo haujanisamehe mpaka leo.

Lazima nishinde. Kwa akili, maana miguu sina.

Jumanne, 8 Juni

Nikirudi kutoka Kolandoto na maziwa, Jilala alinipita huku ananyonga kwa raha zake. Na bado akawa na pumzi ya kunisalimia mwangaluka! Sikuitika. Nilikuwa natafuta hewa.

Lakini kule korongoni, barabara inaposhuka halafu ikapanda, kile chuma cha pedeli kilinichubua ugoko. Nikaacha kunyonga kwa hasira. Wakati wa kushuka nikajikunja kwa maumivu. Wakati wa kupanda nikajinyanyua nijitazame damu. Baiskeli ikachomoka yenyewe! Ikapanda ng'ambo ya pili kama inaitwa na mtu. Sijanyonga hata kidogo!

Huu ni ugunduzi. Kushuka, kandamiza. Kupanda, jinyanyue. Breki usiziguse. Nashangaa Wazungu hawajaliona jambo hili.

Hotelini nilifika wateja wanapangusa midomo. Si kitu.

Jumatano, 9 Juni

Mazoezi. Nilitafuta mahali penye mashimo na miinuko inayofuatana vizuri, nikakumbuka matuta ya viazi ya Chausiku nyuma ya nyumba. Uwanja bora kabisa! Yeye alikuwa ameenda kisimani. Nikafunga keni tupu ya maziwa nyuma, nikapita tuta la kwanza, la pili, nikaanza kuonja spidi yenyewe. Kwenye la tatu nikaonja udongo.

Chausiku alirudi akaniuliza kama baiskeli siku hizi inakula majani ya viazi. Nikamweleza mambo ya kukandamiza na kujinyanyua. Akasema huo utaalamu ushike jembe ukapande upya. Nilipanda upya hadi jua likazama. Hata hivyo alinichemshia maji akanikanda goti, polepole. Mke mwema sana huyu. Basi tu, spidi haielewi.

Alhamisi, 10 Juni

Leo kona. Nimejifunza kwamba ukiilaza baiskeli na kuacha breki, spidi yako unatoka nayo. Nimejifunza pia kwamba baiskeli huenda unakotazama. Mimi nilitazama mchongoma.

Aliyenitoa ni Jilala. Alisimamisha baiskeli yake, akanichomoa miiba mmoja mmoja, akanyoosha usukani wangu kwa magoti yake. Nilimshukuru. Baadaye nikajiuliza: kwa nini mtu awe mwema kiasi hicho siku moja kabla ya mashindano? Huyu wa kumwangalia.

Kwa Limi, mama wa Kisukuma anayeniuzia maziwa, nilifanya mazoezi uani kwake, juu chini, juu chini. Alicheka hadi akakaa chini. Akasema ndivyo anavyosuka kibuyu chake cha maziwa. Sikuona cha kuchekesha. Mimi nazungumzia mwendo, yeye ananiletea habari za vibuyu.

Ijumaa, 11 Juni

Keni haikujaa, kiangazi kimewabana ng'ombe. Limi akaniongezea maziwa ya jana jioni, na bado haikujaa. Nikafurahi, mzigo mwepesi ni spidi. Kisha nikaondoka. Kila shimo la barabara ile nililitumia! Kandamiza, jinyanyue! Korongoni nikampita Jilala. Nikamsalimia mwangaluka kwa sauti ya juu kabisa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya ndoa yangu, na Chausiku asisome hapa.

Nikafika benchi zote zikiwa tupu! Bi Zuleha akatabasamu, akasema kweli Akida leo ameamka. Akawa anamimina kwenye sufuria huku wateja wanaanza kuingia. Kikatoka kimaji chembamba. Halafu pwa! Bonge la njano. Halafu jingine.

Siagi. Nimesuka siagi njia nzima.

Mteja mmoja akauliza kama na mkate upo. Bi Zuleha hakufoka, afadhali angefoka. Alinitazama kwa huruma tu. Jilala akaingia na maziwa yake, meupe, ya kawaida, akapewa hoteli. Hata hakunicheka. Nikakokota baiskeli mpaka nyumbani, nikalia kidogo nyuma ya choo.

Jumapili, 13 Juni

Bi Zuleha amekuja mwenyewe, na chapati ndani ya gazeti. Amezipika kwa siagi yangu, wateja wamegombania. Akasema moyo wake haukutulia tangu juzi. Maziwa ameshampa Jilala, na neno lake harudishi. Lakini hoteli inahitaji mayai, na Limi ana kuku wengi. Nimletee mimi, peke yangu, hakuna wa kushindana naye na hakuna haraka. Hata nikikokota baiskeli njia nzima, sawa tu.

Chausiku akapiga kigelegele: marobota basi! Amefunga kapu nyuma ya baiskeli, amelijaza majani makavu, ameniapisha niende polepole. Nimeapa. Watu wema hawa, Mungu awape maisha marefu.

Lakini nimekaa nikalifikiria jambo lote kwa utulivu. Kanuni yangu haikuwa na kosa lolote, nilifika wa kwanza. Kosa lilikuwa la maziwa. Kesho nikifika korongoni nakandamiza, najinyanyua, breki sizigusi.

Mayai hayatoi siagi.