Maji ya Mvua na Shingo ya Mama Henriette

Jumatatu, 5 Machi 1962
Leo labo ya hospitali itajua kwamba mimi Floribert si muosha vioo tu. Kazi yetu: kupaka rangi, juu ya vioo vidogo, vipande vya nyama za wagonjwa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, Munganga, daktari wetu, avisome kwa hadubini. Rangi imebaki chupa moja. Tangu vita, treni hazileti kitu.

Yaya Fidèle, mkubwa wangu wa kazi, mwenye diploma (anaitaja kila saa), anaamuru tuoshee maji ya bomba. Ya bomba! Yale yanayoacha ukoko mweupe wa mawe ya chokaa ya Kakontwe ndani ya birika! Nimeyamwaga kimya kimya. Nimeweka ya mvua, ya pipa la uani. Safi, kutoka mbinguni.

Jumanne, 6 Machi
Vioo vyote vyekundu kama tofali. Munganga alitaka viini vya seli viwe vya buluu. Hivi hasomi kitu. Kamgombeza Yaya Fidèle. Nilimhurumia. Kidogo.

Ubaya: kimoja ni cha Mama Henriette, jirani yetu mwenye uvimbe wa shingo, anayenilisha mikate ya kukaanga tangu niko na meno mawili. Kimebaki kipande kimoja tu. Kikiharibika, atakatwa tena. Anaogopa kisu kuliko mizinga. Nimemwapia nitakipaka mwenyewe. Hakuonekana kutulia.

Alhamisi, 8 Machi
Pipa kavu! Wiki nzima imenyesha, nimeyamaliza yote kuoshea vioo, leo jua. Munganga anangoja. Nikanyakua birika lenye ukoko, nikaoshea kipande cha Mama Henriette maji yake ya bomba, macho nimefumba.

Buluu! Kama joho la Bikira Maria! Munganga kasoma, kacheka: uvimbe si mbaya. Hakuna kisu.

Mama Henriette alilia, kisha akaleta beseni zima la mikate. Kwa furaha nikakiri habari ya mvua. Yaya Fidèle hakunipiga. Alinisogezea mkate wake.

"Weye mutoto," akasema, "ni lile jiwe ndani ya maji linaleta buluu. Kidogo tu. Usiguse tena kitu."

Jumapili, 11 Machi
Nimefikiri sana. Ikiwa chembe za jiwe ndani ya maji zimefanya vile, je, jiwe zima ndani ya rangi yenyewe? Shemeji yangu, mchimba mawe, kanitolea moja Kakontwe, kubwa kama ngumi. Nimelivunja, nimelitia lote ndani ya ile chupa yetu moja ya rangi. Yaya Fidèle yuko misani. Atashangaa, maskini, na diploma yake.

Chupa imeanza kutoa povu. Nilijua itafanya kazi.