Mmea Adimu wa Kona ya Saba

Jumatatu, 4 Machi

Barua kutoka Idara ya Majengo ya chuo. Kona ya Saba ya bustani yangu, ile ya nyuma ya nyumba ya kioo, itasawazishwa iwe maegesho ya magari arobaini. Kamati itakuja kukagua Ijumaa. Saini ni ya Mkuu wa Majengo, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Jana tu alikula mchana mezani kwangu. Aliongeza mchuzi mara mbili wala hakugusia habari hii.

Mimi ndiye msimamizi wa bustani ya mimea ya chuo kikuu, mwaka wa kumi na moja huu. Hekta nne, aina elfu moja na mia mbili za mimea, kila moja na kibao chake. Isipokuwa Kona ya Saba. Kwenye daftari la bustani imeandikwa: itashughulikiwa baadaye. Mwandiko ni wangu.

Nimempigia shemeji. Akasema kazi ni kazi na undugu ni undugu, na kwamba kona ile ni miiba na vyungu vilivyovunjika. Nikamwambia kuna mmea wa thamani kubwa. Akauliza upi. Nikamwambia simu inakatikakatika.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata wazo nikinyoa ndevu. Kama mmea wa thamani haupo, utakuwepo.

Nikaenda Kona ya Saba. Sikuingia ndani, kwa sababu ya miiba na viatu vipya. Pale ukingoni palikuwa na kimmea chenye majani ya manyoya na kiua cha zambarau kisichozidi punje ya mchele. Nikakizungushia waya. Nikakichongea kibao kizuri chenye jina la Kilatini, na mwisho wa jina hilo, kwa unyenyekevu, nikaweka jina la ukoo wangu. Chini yake: Mmea adimu. Unapatikana hapa tu. Usiguse.

Bi Kitalu akapita na toroli lake. Ndiye mkuu wa kitalu cha miche, ana miaka ishirini na sita hapa, na anatumia maneno kana kwamba anagawiwa kwa mgao. Akakitazama kibao. Akanitazama mimi. Akasema jirani yake huwapa sungura majani hayo hayo. Nikamwambia sayansi ina siri zake.

Akauliza, "Mkuu, huko ndani umeingia?"

Nikasema hapana, sina haja. Akasema vizuri, akasukuma toroli lake na kuondoka, mwendo wa haraka kuliko kawaida yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimekuwa mtu maarufu. Kufika saa nne asubuhi wanafunzi walikuwa wamepanga foleni kupiga picha. Gazeti la chuo limekuja na kunipiga picha nikiwa nimechuchumaa karibu na mmea, kidevu juu. Huenda nilitia chumvi kidogo. Nilisema nimeuchunguza kwa miaka tisa.

Mchana shemeji akaja, mikono mfukoni. Akauliza mbona mwingine kama huo umeota pembeni ya choo cha wanaume. Nikaenda kutazama. Kweli. Na mitatu langoni. Na shamba zima la mingine chini ya dirisha la ofisi yangu mwenyewe.

Alasiri yote nimeng'oa ndugu wa mmea wangu adimu, kwa mikono, kona moja hadi nyingine. Nilipofika mia na thelathini niliacha kuhesabu. Mgongo umekataa kunyooka. Mke wangu amenichua kwa mafuta akauliza kwa nini kaka yake kampigia simu akicheka hadi akashindwa kuongea. Nimesema ni mambo ya kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Maji yamenifika shingoni. Ujumbe umeingia kutoka kwa yule mama bingwa wa mimea wa chuo jirani, ambaye sisi wote tunamwita Daktari wa Majani. Ameiona picha gazetini. Atakuja kesho pamoja na kamati, kuutazama kwa macho yake.

Roho ilinipaa, ikarudi, na ikarudi na mpango. Mmea usiokuwepo hauwezi kuchunguzwa. Kwa hiyo mmea utaibiwa.

Saa saba, watu wakiwa wamekwenda kula, nimeung'oa na kuutia kwenye mkoba wangu. Kisha nikatoa ripoti ya wizi. Nilitegemea mlinzi aandike mistari miwili kwenye kitabu. Sikujua kwamba Mkuu wa Walinzi amesubiri wizi kama huu maisha yake yote. Alifunga lango. Akaamuru kila mkoba ukaguliwe, na akasema ataanza na wa kwangu, ili wadogo wasione wanaonewa.

Nikaomba kwenda msalani kwanza. Nilikuwa na dakika moja. Choo hakina maji tangu Jumatatu, na dirisha lina nondo. Nikaula. Majani, kiua, mizizi. Una ladha ya sabuni na baadaye ladha ya chuma.

Mkoba ukakutwa na udongo tu. Nikaeleza kuwa mtu wa bustani hatembei bila udongo. Mkuu wa Walinzi akakubali, akanipigia saluti. Bi Kitalu alikuwa amesimama nyuma yake. Alinyoosha kidole tu, akagusa jino lake la mbele, taratibu, hadi nilipoelewa na kulifuta langu.

Ijumaa, 8 Machi

Mmea adimu umenisumbua tumboni usiku kucha. Kamati ilifika saa tatu: Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, shemeji na kamba yake ya kupimia na fungu la vigingi vya mbao, na Daktari wa Majani, mama mfupi mwenye viatu vya mvua na lenzi inayoning'inia shingoni.

Nikawaonyesha tundu tupu ndani ya waya. Nikazungumza kwa huzuni juu ya wizi. Daktari wa Majani akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba lile lilikuwa gugu, na alilijua tangu gazetini. Shemeji akakohoa. Nikatafuta pa kuficha uso.

Lakini mama yule akaendelea. Alichokuja kutazama ni jani aliloliona nyuma ya bega langu kwenye ile picha. Akaiinua sketi yake kidogo, akaingia kwenye miiba, akapotea.

Tukangoja. Shemeji akaanza kupigilia kigingi cha kwanza. Kisha tukasikia sauti ya mama yule kutoka ndani: "Acheni kugonga, tafadhali. Njooni mwone."

Nyuma ya miiba palikuwa na njia iliyofagiwa. Vyungu vilivyovunjika vilikuwa vimefungwa waya, na kila kimoja kilikuwa na mmea ndani. Magunia makuukuu yametandazwa juu kuwa kivuli. Ile okidi ya manjano iliyonifia mwaka wa pili ilikuwa pale, inachanua. Yale makangaga ya kivulini yaliyonifia mwaka wa nne. Na katikati, kile kimti kifupi cha kale chenye majani magumu, ambacho miaka saba iliyopita nilikiandika daftarini kwa mkono wangu kuwa kimekufa. Kilikuwa kimetoa tunda kubwa mfano wa nanasi. Daktari wa Majani akasema katika bustani zote anazozijua vimti vya aina hii havifiki hata ishirini.

Akauliza nani anatunza hapa.

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Nakiri, nilikuwa nataka kukubali.

"Ni mimi, mama," akasema Bi Kitalu. "Kila mmea ulioanza kunyauka mkononi mwa Mkuu niliuleta huku. Huruma yake ni maji. Anamwagilia asubuhi, anamwagilia mchana, akipita jioni anasikitika, anamwagilia tena. Nikaona bora nipate mahali asipofika."

Miaka kumi na moja sijawahi kumsikia akisema mengi kiasi hicho. Shemeji aliinamisha kichwa. Nilidhani ananionea huruma, mpaka nikaona mabega yanavyotikisika.

Niseme kweli, iliniuma. Nikakitazama kile kimti. Nilikipenda sana, kile. Siku nilipokifuta daftarini sikula chakula cha jioni. Nikanyoosha mkono kukigusa jani. Bi Kitalu akanishika mkono wa shati, bila ukali, akaurudisha mahali pake.

Jumatatu, 11 Machi

Uamuzi umetoka. Kona ya Saba haiguswi. Bi Kitalu ameteuliwa kuwa mtunzaji wake, kwa barua yenye mhuri. Kipengele cha tatu kinasema msimamizi wa bustani ataingia humo akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Maegesho bado yanahitajika. Shemeji amepata kiwanja kingine, tambarare, chenye kivuli kizuri. Ni ofisi yangu. Nahamia stoo ya mbegu.

Mchana huu alikuja kula tena. Akaniambia, "Shemeji, usinune, nitakutengea nafasi ya gari." Sina gari.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini na ukweli uko wazi. Bila kibao, hakuna picha. Bila picha, hakuna aliyeliona jani. Kwa hiyo kona imeokolewa na mimi. Nimemweleza mke wangu. Akasema, "Ndiyo, mume wangu," na kuendelea kukunja nguo.

Jumatano, 13 Machi

Stoo ya mbegu si mbaya. Ina dirisha. Ila vurugu zake zinatia aibu: bahasha mia nne kuukuu, za kaki, zimechakaa pembe, zimeandikwa majina ya mbegu kwa penseli na watu watano tofauti. Nashangaa Bi Kitalu amevumilia vipi. Amekwenda kwa Daktari wa Majani kwa siku tatu, kutoa mhadhara. Kumbe anaweza.

Nimeamua kumshangaza. Kutwa nzima nimemimina mbegu kutoka kwenye bahasha kwenda kwenye chupa za kioo, safi, zinazolingana. Nimezipanga kwa ukubwa, kutoka ndogo kama vumbi hadi kubwa kama ngumi. Mwanga wa dirishani unapita ndani yake. Sijawahi kufanya kazi ya kupendeza hivi. Bahasha zote nimezichoma pamoja na majani makavu.

Vibandiko vya majina vimeniishia kwenye chupa ya sita. Si neno. Nitaandika kesho. Yote ninayo kichwani.