Malalamiko ya Mgonjwa Asiyeumwa

Wamaza, tarehe 20 mwezi wa tano 2024

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Zoni yetu ya Afya,

Mimi Sarah-Grâce, mwanafunzi wa sekondari, naahidi kukueleza yote, hata yale yanayoniaibisha, kwa sababu mwalimu wetu anasema wakubwa hawajibu barua ya kufichaficha.

Unajua kwamba mafua makali yametuingilia, na kwamba ulimtuma Bwana Alain na megafoni yake atuonyeshe mchezo wa mafunzo sokoni. Estelle, mwanafunzi mwenzangu, alipewa koti jeupe awe muuguzi. Mimi nilipewa kuwa Mgonjwa. Nilitakiwa kukohoa kidogo mkononi, kisha Estelle anifundishe kukohoa kwenye kiwiko. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nimejifunza kikohozi cha marehemu babu, kile kinachoanzia tumboni, nikakitoa chote. Nikaongeza na kuanguka, jambo ambalo sikuagizwa. Kabla Estelle hajafungua kinywa, soko zima lilikuwa limehamia ng'ambo ya barabara. Mama mmoja aliacha samaki wake. Habari za kiwiko hakuna aliyezisikia. Nakiri kwamba nikiwa chini nilifumbua jicho moja nione kama wanaogopa, nikafurahi.

2. Rafiki yangu Léontine, ambaye tumekaa benchi moja tangu shule ya msingi, amehamia kwa Estelle. Nakaa peke yangu kama mkaguzi. Nikimwazima kalamu, anaipokea kwa jani la mgomba. Hili linaniuma kuliko mengine yote, na ningeliweka la kwanza kama si aibu.

3. Bibi yangu aliuona mchezo akiwa mbele kabisa, na alipiga makofi. Lakini haniruhusu tena kutwanga sombe, yale majani ya muhogo ya mboga. Anasema: "Ninajua ilikuwa muchezo, mutoto wangu. Lakini mafua nayo inajua?" Nimetafuta jibu katika daftari la biolojia, sikulipata.

4. Mchungaji ananiombea kanisani kwa jina. Mzee Hamadi, jirani yetu, ananiombea msikitini. Mungu anaombwa kutoka pande mbili aniondolee ugonjwa nisio nao. Naogopa atautafuta, asiuone, aniondolee kitu kingine.

5. Watoto wana mchezo mpya unaoitwa Sarah-Grâce. Mmoja anakohoa, wengine wanakimbia wakipiga kelele, "Iko anakuya! Iko anakuya!" Tena wanakohoa vibaya, kwa koo tu. Nilikwenda kuwarekebisha, wakakimbia kweli. Hata watu wazima sasa wakishikwa na kikohozi wanakimbilia kiwiko, wasije wakaitwa jina langu. Bwana Alain anasema kampeni imefaulu. Imefaulu kwa nani?

Kwa hiyo naomba cheti cha uzima chenye mhuri, kisomwe kwa megafoni palepale sokoni. Kama mhuri hautoshi, uje wewe mwenyewe, Daktari, ukae kwenye benchi langu mbele ya Léontine, unywe maji katika kikombe changu. Usipoumwa, atarudi. Na tangu sasa Mgonjwa awe mtu wa mbali, asiye na rafiki wa kumpoteza.

Pokea heshima zangu zote, nikizituma kutoka umbali unaotakiwa. Uwasalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, na yeyote anayefua yale makoti meupe.

Sarah-Grâce, mzima kabisa

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Leo darasani Léontine aliniita kutoka benchi la Estelle, kwa sauti ya wote kusikia: mchezo utaonyeshwa mjini Kabambare, na safari hii Mgonjwa ni Estelle. "Sarah, uende umusikie! Anakohoa sawa mutu anapiga hodi kwa mukwe!" Tukacheka sote wawili, na kabla hatujamaliza kucheka alikuwa amefika kwangu na madaftari yake.

Daktari, kwa kikohozi cha Estelle, Kabambare hawataamini kama mafua yapo. Kwa ajili ya afya ya wananchi, niko tayari kuumwa tena. Namba moja hadi tano uzifute. Cheti usikitume, kitaharibu mchezo. Koti jeupe analitaka Léontine, na amekubali tubanane kwenye pikipiki moja. Tafadhali nijibu kwa huyuhuyu anayekuletea barua: pikipiki itatupitia saa ngapi?