Pua Yangu na Mrehani wa Adérito

Ijumaa, 9 Juni
Bi Ermelinda, mjane wa nyumba ya mkabala, anataka kupanda kilima cha Graça jioni ya mkesha wa Mtakatifu Antonio, akautazame mji. Magoti yake yanahitaji mkono wa kushika. Nimejitolea. Adérito kinyozi naye amejitolea, mtu wa kujipendekeza. Mjane akaamua: kila mmoja atunze chungu cha mrehani, na mwenye mrehani mbichi Jumatatu ndiye atakayempandisha.

Lisbon nzima inajua mrehani hunuswa kwa kiganja: unaugusa, kisha unanusa mkono. Ukiupelekea pua, unanyauka. Basi najua pa kuipeleka pua yangu.

Jumamosi, 10 Juni
Nimejifanya nauliza saa dirishani kwa Adérito. Nikanusa chungu chake mpaka masikio yakavuma. Akatokeza na taulo begani, akauliza kama kuna kitu nimedondosha humo. Nikasema nashangaa uzuri. Akasema nishangae nikiwa mbali.

Jumapili, 11 Juni
Nimerudi mara tatu. Jani limeniingia puani, napiga chafya mfululizo. Mrehani wake ndiyo kwanza unanawiri! Adérito akasema nyuma ya pazia, "Njoo na kesho, Belmiro. Pumzi yako inaufaa."

Jumatatu, 12 Juni, asubuhi
Msiba. Mrehani wangu umekauka kama ufagio. Siku tatu sikuutilia hata tone la maji, nilikuwa kazini kwa watu.

Jioni
Nimeupeleka hivyo hivyo, nikauchomekea ua la karatasi. Bi Ermelinda akacheka hadi akashika ukuta. Kumbe aliona yote kutoka roshani yake. Akasema tangu marehemu mumewe hajapata mwanamume wa kumhangaikia hivi, ila marehemu angalau alikuwa na akili kidogo. Adérito akapewa mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Kule juu benchi ni la watu wawili. Nimesimama. Mto ulikuwa mwekundu kwa jua, ngome ya kale ya mji ikawashwa taa, na Bi Ermelinda akanimegea nusu ya mkate wake wa dagaa wa kuchoma. Nilifurahi, nasema kweli. Tulipokuwa tunashuka akasema mwakani tutashindana upya.

Jumanne, 13 Juni
Adérito amenipa chungu chake, ati nijizoeze. Safari hii sifanyi mchezo. Nimekifungia kabatini, ufunguo uko shingoni, pua ya mtu isikifikie. Amepiga kelele kutoka mtaani nisisahau maji. Najua anachotaka: kunipotezea lengo.