Kanuni ya Kizingiti

Kwa niaba ya Ofisi Kuu ya Klabu ya Mpira wa Kikapu ya Nguzo, Bondeni, Mombasa, natangaza kwamba uteuzi wetu wa wachezaji umekuwa wa haki, wa kisayansi na wa kupigiwa mfano tangu Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Taib, aliposhika kiti. Anayesema vinginevyo anayo nafasi ya kulalamika. Nafasi hiyo ni mimi.

Naitwa Kingi, Mkurugenzi wa Idara ya Lawama. Shule niliiacha darasa la sita na sioni nilichokosa, maana waliobaki mpaka mwisho ndio wanaokuja kuniuliza "mchakato shirikishi" ni nini. Ni kwamba Mwenyekiti ameshaamua.

Kwa asiyejua mambo ya ligi yetu ya kisiwa, ni hivi. Kila mwaka kabla ya msimu, vijana wanaotaka kucheza hujiandikisha, na klabu huwachagua kwa zamu. Klabu iliyoshika mkia hupewa zamu ya kwanza. Sisi Nguzo tumechagua wa kwanza kila mwaka tangu Mheshimiwa aingie. Wenye nia mbaya huita hiyo aibu. Ofisi huita uthabiti.

Na tunachagua kwa kipimo. Ofisi yetu iko Mji wa Kale, orofa ya kwanza, na mlango wake ni wa zamani, wa nakshi, mfupi. Mheshimiwa alipouona mara ya kwanza aliuelewa papo hapo. Mpira wa kikapu ni mchezo wa warefu. Mrefu akipita mlango ule atagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu. Asiyegonga si mrefu. Basi ikazaliwa ile tunayoiita Kanuni ya Kizingiti, na kamati ikaacha kabisa kazi ya kwenda uwanjani kutazama watu wakicheza, ambayo ilikuwa inachosha na jua ni kali.

Mimi mwenyewe ni zao la kanuni hiyo. Nilipanda ngazi zile siku moja kumtukana Mwenyekiti kwa sababu ya kufungwa na klabu ya Makupa. Nikagonga kichwa. Kabla sijafungua mdomo Mheshimiwa akasema, "Huyu anafaa." Kwa kuwa magoti yangu yalikuwa yameshastaafu, nikapewa idara. Tangu hapo nagonga kila asubuhi, na kila nikigonga nakumbuka kwamba nina ajira.

Kazi yangu ni kukusanya lawama mahali zinapopikwa, na zinapikwa Makadara, kwenye kibanda cha Mama Kasyoka, mwanamke wa Kikamba anayeuza chapati na maharagwe na aliyeanza kushangilia Nguzo kabla ya nusu ya kamati kujua mpira ule una kikapu. Nilikwenda huko wiki moja kabla ya uteuzi wa mwaka huu.

"Karibu, Bwana Lawama," akasema Odera, kuli wa bandarini, bila kunisogezea benchi. "Tulikuwa tunahesabu maiti wa uteuzi wenu. Tumefika kwa Barnabas."

"Barnabas aliteuliwa kwa kufuata utaratibu," nikasema.

"Barnabas alikuja kuleta friji."

Ni kweli alileta friji. Alilibeba mgongoni, likagonga kizingiti. Kamati ilisikia mlio kutoka chumba cha mkutano, ikamteua kabla hajalitua. Alicheza msimu mzima, na kila akipewa mpira aliukumbatia kwa uangalifu mkubwa, akiutafutia pahali pa kuuweka.

"Halafu Aidarus," akasema Zakariya. Huyu ni mshonaji wa kanzu, mzaliwa wa Mji wa Kale, na hukasirika taratibu, kwa adabu. "Yakhe, Aidarus alikuja kuuliza kwa daktari wa meno ni wapi."

"Alikuwa na bandeji kwenye kipaji cha uso," nikaeleza. "Kamati ikaona huyu ameshagonga."

"Alianguka pikipiki."

"Hilo halikuwa mbele ya kamati."

"Na Kitsao je?" Odera akageuka kwa wenzake kama wakili. "Nani alimwacha Kitsao? Kijana anatia mpira kikapuni amefumba macho. Mwaka huo huo Makupa wakamwokota, leo wana vikombe mpaka vingine wanafugia kuku."

"Kitsao alipita mlangoni wakati kamati ikinywa chai," nikasema. "Kikombe kiligonga sahani, ikawa vigumu kutofautisha."

Mama Kasyoka aligeuza chapati. "Kingi, hayo ya wafu tuachane nayo. Tuambie ya huyu aliye hai."

Alimwelekezea mwiko Ngowa, aliyekuwa amekaa pembeni akila polepole. Amekaa, lakini macho yake yalikuwa sawa na yangu niliyesimama. Ngowa hupakua malori Makupa mchana, na jioni hucheza peke yake kwenye uwanja wetu wa Bondeni. Mistari ya uwanja ule aliichora marehemu babake kwa rangi iliyobaki kwenye meli. Makupa wamemtaka mara nyingi. Hukataa. Husema hawezi kuvaa jezi nyingine akaikanyaga mistari ya babake kama mgeni.

Kamati ilikuwa imemkataa Ngowa mara mbili. Mara ya kwanza alipita bila kugonga. Ya pili nywele zake zilifuta vumbi la kizingiti, mjadala ukawa mrefu, na mimi ndiye niliyeandika uamuzi: nywele si kichwa. Baada ya hapo Mheshimiwa alichoka na watu wanaorudi rudi, akaagiza kanuni iongezwe, nami nikaiongeza: "Mtu yeyote atakayeupita mlango wa ofisi mara tatu bila kichwa chake kugusa kizingiti, hatakuwa na nafasi katika klabu hii maisha yake yote." Neno "mtu yeyote" aliliweka Mheshimiwa mwenyewe, ili pasiwe na mtu wa kusema tunamlenga Ngowa.

Tulikuwa tunamlenga Ngowa.

"Kijana," nikamwambia, "mimi nasema wazi. Wewe ni mrefu kuliko mlango. Unapitaje?"

"Napiga hodi," akasema.

"Hodi kila mtu anapiga."

"Mimi nikipiga hodi nainama. Mama alinifunza. Nyumba ya watu huiingii kifua mbele."

"Basi safari hii usiiname."

Alinitazama kama niliyemwambia ateme mate msikitini. "Mna mtu mzima ndani, mzee. Nitaingiaje bila kuinama?"

Zakariya alitikisa kichwa. "Adabu itammaliza huyu," akasema.

"Haitammaliza," akasema Mama Kasyoka. "Kingi, peleka lawama hii kwa bosi wako. Mwaka huu hatutaki uteuzi wa orofani. Ufanyike uwanjani, tuone kwa macho yetu. Akikataa, msimu ujao atacheza mbele ya viti vitupu. Atajipigia makofi mwenyewe."

Nilipeleka. Mheshimiwa Taib ni mtu mfupi, mwenye kofia nzuri ya kiua na mazoea ya kusema "kimsingi". Kufungwa hakumsumbui. Lakini kuhutubia viti vitupu kulimgusa pabaya. Alitembea chumbani, akasimama.

"Kimsingi wananchi wana haki ya kushuhudia. Uteuzi utafanyika uwanjani."

"Na mlango, Mheshimiwa?"

"Mlango utakwenda uwanjani."

Mafundi waliung'oa na fremu yake yote, kuanzia kizingiti cha chini mpaka cha juu. Ukapakiwa kwenye mkokoteni, ukapitishwa Makadara mchana kweupe, mimi nikitangulia kusimamisha tuktuk. Watu waliuliza nani amekufa. Nikawajibu kwamba ni mageuzi.

Siku ya uteuzi fremu ilisimamishwa katikati ya uwanja wa Bondeni, juu ya mstari wa babake Ngowa, ikashikiliwa na kamba pande nne. Hapakuwa na ukuta wala paa, wala chochote nyuma yake ila upepo na mashabiki. Mheshimiwa alishika kipaza sauti.

"Wapo wanaouliza kama mlango huu bado ni mlango," akasema. "Nawajibu. Mlango ni mlango popote ulipo. Na sheria yake ni moja kwa kila mtu, kuanzia mimi."

Wakampigia makofi. Akafurahi, akakata utepe, akaupita mlango huku akipunga mkono. Kati ya kofia yake na kizingiti angeweza kupita paka mjamzito.

Vijana wakaanza kupita. Mmoja alipita akiruka, akaambiwa mlango si kamba. Mwingine aligonga bega. Kisha likaitwa jina la Ngowa.

Alikuja polepole, viatu vyake vya kazini miguuni, akasimama mbele ya mlango kama alivyosimama mara mbili za kwanza. Niliona mdomo ukifunguka kwa ajili ya hodi. Niliona na shingo ikianza kulegea. Pale kibandani Mama Kasyoka hajawahi kuomba kitu mbele yangu, lakini siku ile midomo yake ilikuwa inatembea.

Ngowa akatazama upande wa pili. Aliona kikapu na mashabiki. Mheshimiwa na kamati walikuwa wameketi huku nje pamoja nasi, chini ya mwavuli.

"Hakuna mtu ndani," akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

Akafunga mdomo, akanyosha shingo, akatembea.

Kipaji kilipiga kizingiti, fremu ikatetemeka, na kamba moja ikakatika. Makuli wanne waliikimbilia kuishika. Kelele za uwanja mzima zilisikika mpaka barabara kuu. Ngowa alisimama katikati ya kizingiti cha chini na cha juu, mkono kwenye uvimbe, akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Mheshimiwa hakucheka. Kumkubali Ngowa leo ni kukiri kwamba mara mbili tulikosea, na ofisi yetu haina utaratibu wa kukosea. Akachukua kipaza sauti.

"Kimsingi," akasema, "mlango usio na nyumba hauwezi kuhesabiwa kuwa mlango."

Uwanja ukapoa. Tabasamu la Ngowa likaanza kurudi lilikotoka. Mama Kasyoka akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwenyekiti, wewe mwenyewe umesema mlango ni mlango popote ulipo. Umesemea kwenye hicho kipaza sauti."

"Ilikuwa hotuba, mama. Haikuwa sheria."

"Haya, tuache hotuba, twende kwenye sheria. Bwana Lawama, tusomee kanuni."

Mimi ni mtumishi. Idara yangu ikiombwa, hutoa. Nikaisoma kwa sauti, na nilipofika "mtu yeyote" niliona inakoelekea, lakini sikusimama, kwa sababu sentensi ilikuwa bado haijaisha.

"Mtu yeyote," akasema Mama Kasyoka. "Mwenyekiti ni mtu?"

"Kwa mujibu wa rekodi zilizopo," nikasema.

"Ameupita mlango huu sasa hivi. Aligonga?"

"Hakugonga."

"Huu si mlango," akasema Mheshimiwa haraka. "Nimeshatoa uamuzi."

"Sawa. Ulipokuwa na nyumba je? Wiki iliyopita ofisini, Kingi, aligonga?"

"Hakugonga."

"Mwezi uliopita?"

Nilimtazama Mheshimiwa. Nimemfanyia kazi kwa uaminifu, na uvimbe wangu ni shahidi. "Mama," nikasema, "hajawahi kugonga tangu azaliwe."

Zakariya aliinuka taratibu. "Basi, kwa heshima zote, huyu bwana hana nafasi katika klabu hii maisha yake yote. Na ni yeye mwenyewe aliyeiweka kanuni. Sisi hatukumwonea."

Watu wakaanza kupiga makofi, yale ya kusindikiza mtu. Mheshimiwa aliwatazama wajumbe wa kamati. Walikuwa wote wafupi. Kila mmoja alikuwa ameanza kutazama viatu vyake na kukumbuka amepita pale mara ngapi.

"Kanuni haimkatazi mtu kugonga leo," akasema. Akaweka kipaza sauti chini, akakusanya kanzu kwa mkono mmoja, akaenda mpaka chini ya mlango. Akaruka.

Hakufika. Akaruka tena, kwa bidii zaidi, na ua la juu la kofia yake likagusa mti wa kizingiti.

"Imegusa," akasema, akihema. "Andika, Kingi. Mlango huu ni mlango, na imegusa."

"Mlango ni mlango," nikaandika huku nikisoma kwa sauti. "Mteuliwa wa kwanza wa Nguzo, Ngowa." Uwanja ukaunguruma. Nikasubiri utulie. "Lakini upo uamuzi wetu wa mwaka jana, Mheshimiwa. Nywele si kichwa. Na kama nywele si kichwa, kofia ni mbali zaidi."

Akavua kofia. Akaruka bila kofia, na hapo ndipo sote tuliona kwamba kofia ndiyo iliyokuwa sehemu yake ndefu. Aliruka mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Odera alisahau kucheka.

Ngowa ndiye aliyemsogelea. Alikuwa ameshika uvimbe wake kwa mkono mmoja. Akainama, vile alivyofunzwa na mamake kumwinamia mtu mzima, mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la Mwenyekiti.

"Mzee," akasema kwa upole, "nikuinue?"

Mheshimiwa Taib akatazama kamati. Akatazama mashabiki. Akakitazama kizingiti.

Kisha akanyosha mikono yote miwili juu, kama mtoto.