MB Zisiharibike

Jumatatu, 9 Juni
Sijawahi kumwambia mtu: naogopa kompyuta. Watu wanadhani naijua kwa sababu nasoma vitabu vinene. Mjomba Abdillah naye alidhani hivyo. Ndiyo maana likizo hii nimekaa chini ya feni katika steshenari yake hapa Kirumba, badala ya kupelekwa Magu kuamia ndege, kuwafukuza kwenye mpunga wa shangazi Nasma.

Leo bando la simu ya duka lilikuwa linaisha saa kumi, na MB nyingi zimebaki. Ziharibike? Kompyuta ikauliza kama isasishe mfumo. Nikakubali. Ikapakua kiini kipya cha mfumo, ile programu mama inayoendesha mashine nzima, ikazima, ikawaka. Waifai hakuna! Kile kidude kinachochomekwa ubavuni kunasa intaneti ya simu, taa yake imekufa.

Angalau MB zilitumika.

Jumanne, 10 Juni
Nimesoma. Kiini kipya hakielewani na draiva ya zamani, ile programu ndogo inayokiendesha kidude. Inahitajika draiva mpya. Draiva mpya iko kwenye intaneti. Intaneti inapita kwenye kidude.

Nimekaa chini ya meza kidogo.

Mama Tereza, muuza dagaa wa Mwaloni, kaja nimjazie binti yake maombi ya chuo. Nikasema mtandao umekatika mji mzima. Akauliza mbona duka la mbele wanajaza. Nikamwamkia tena shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea kungoja jibu.

Jumatano, 11 Juni
Mbinu mpya: draiva nipakue kwa simu, nihamishe kwa waya. Faili la kwanza likadai faili jingine. Hilo likadai jingine. Kama ukoo unaopokea mahari: kila ukimridhisha mmoja, anatajwa baba mkubwa aliyesahaulika.

Duka la mbele ni la kina Precious. Tunasoma darasa moja, na kompyuta yao ina mfumo kama wetu. Nikaandaa maneno ya kumwomba msaada. Nikavuka barabara. Nikanunua peni. Mchana nikavuka tena. Peni nyingine.

Mjomba kauliza kwa nini nanunua peni ilhali sisi tunauza peni.

Alhamisi, 12 Juni
Mjomba kasema kesho akitoka swala ya Ijumaa akute waifai, la sivyo naenda Magu. Mpunga unaiva, na kwelea kwelea hawana likizo.

Nimekisafisha kidude kwa spiriti. Kinanukia vizuri. Hakifanyi kazi.

Ijumaa, 13 Juni
Mjomba kaenda msikitini. Mama Tereza kaingia: leo ndiyo siku ya mwisho ya maombi. Kwenda duka la mbele hataki, Abdillah ni mtu wake tangu zamani. Akanitazama usoni, kisha akaita kuelekea ng'ambo ya barabara.

“Precious mwanangu, hebu njoo. Huyu bwana mdogo anakaribia kulia.”

Precious akaja. Akawasha mashine upya, akabonyeza kitufe, ikatokea orodha. Akachagua kiini cha zamani. Taa ya kidude ikawaka.

“Cha zamani hakikwenda popote,” akasema. “Sasa usisasishe kitu mpaka Jumatatu, nitakuletea draiva. Na peni zikiisha, duka unalijua.”

Maombi ya binti yakaenda. Nilitaka kusema ahsante. Nikakohoa.

Jumamosi, 14 Juni
Mjomba kafurahi, kasema Magu basi. Kaninunulia bando kubwa la siku moja.

Alasiri bando linakaribia kuisha, MB zimejaa tele. Kompyuta ikauliza. Nikakumbuka maneno ya Precious. Lakini hizi MB je? Tena kiini kipya zaidi huenda kimeponya ugonjwa wa kile kipya.

Nikakubali. Ikapakua. Ikaandika kwamba, ili kuokoa nafasi, imekifuta kiini cha zamani kabisa.

Taa ikafa.

Nikaifunika kompyuta kwa kitambaa chake. Nikavuka barabara, nikanunua peni. Kisha nikarudi nyumbani kutafuta debe bovu la kuwapigia ndege.