Gari Yangu Haionji Petroli

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025

Leo nimewanyamazisha wazee. Wote! Tulikuwa hapa Ruiru kwa Mzee Absalom, yeye ndiye mkubwa wa mbari yetu, tukipanga ruracio, ile mahari, ya Maina, kijana wa marehemu ndugu yangu. Jumamosi tunapeleka mbuzi kwa kina msichana huko Gatuanyaga. Swali ikawa moja tu: nani atasimama kutuongelea? Kiti ya msemaji! Hiyo kiti nimeitamani kuliko mbavu ya kuchoma. Nani mwingine anajua maneno? Mimi niliwahi kuendesha lori ya mananasi kutoka Thika bila breki, nikaisimamisha kwa kuiongelesha tu. Watu husema ni uwongo. Hawakuwa ndani ya lori.

Lakini Zacharia, jirani yangu, pia anaitaka. Zacharia ana pikapu ya dizeli. Ikipita na moshi yake, nguo za akina mama zinafuliwa upya. Nikawaambia wazee, mtu wa kuongea na wakwe hawezi kufika akinuka moshi. Nikawaambia juu ya gari yangu kutoka Japani. Inachomekwa kwa ukuta kama simu! Haionji petroli hata tone! Mzee Absalom akashika ndevu, akauliza kama hata maji haitaki.

Sikudanganya. Hiyo gari iko na betri kubwa ya stima, na iko na injini ya petroli pia. Mimi nilisema nusu. Ile nusu ingine hawakuuliza.

Zacharia ndiye aliharibu. Alicheka mpaka akashika goti. Akaniita wakini, vile tunaitana sisi wa rika moja, akasema kama gari inakula stima peke yake, basi nisionekane nikinunua petroli mpaka Jumamosi, na ifikishe wazee na mbuzi kwa geti ya wakwe. Ikifika, naongea mimi. Nikionekana nikiwekewa hata kikombe, ama ikishindwa njiani, anaongea yeye. Nikasema sawa kabla sijafikiria. Mimi ni mtu wa haraka. Wazee wakajitemea mate kifuani kubariki.

Nimefika nyumbani nikaangalia tangi. Mshale umelala kama mlevi.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Usiku kucha gari imechomekwa kwa soketi ya sebule, waya ikapita dirishani. Yule aliniuzia alisema ikijaa inatembea kilomita sitini. Ikajaa. Nikaingia ndani nikaketi kama bwana DC. Dashibodi ikaniandikia thelathini na nne.

Thelathini na nne! Nikapangusa kioo na kitambaa. Thelathini na nne.

Nikampigia huyo mtu simu. Akasema ati betri imezeeka kidogo, na hiyo sitini ilipimwa Japani, barabara tambarare, dereva mmoja mwembamba, AC imezimwa. Haiya! Sasa mimi nitatoa wapi mzee mwembamba? Mzee Absalom peke yake ni magunia mawili ya viazi! Nikawasha AC kujaribu. Ikashuka hata kabla sijatoka kwa geti yangu! Nimefika soko na kurudi, stima iliyoisha ingetosha kunipeleka Juja.

Nikachomeka tena. Ndio nikasikia nduru kwa nyumba. Bibi yangu, Mama Ngendo! Tokeni za stima zimeisha, na vifaranga vyake vinakaa chini ya balbu kupata joto. Alikuwa ameweka tokeni za kumaliza mwezi, gari imezilamba zote kabla ya chai ya saa kumi. Akaja akishika ile waya kama ameua nyoka. Akaniuliza nimuambie leo kama nilimuoa yeye au nilioa Mjapani. Nikamwambia Mjapani hapigi kelele.

Hilo lilikuwa kosa. Nimekula githeri baridi, na vifaranga vimelala kwa shati yangu ya ruracio.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Usiku nilifikiria. Kanisa iko na stima. Kanisa haina vifaranga.

Nyuma ya kanisa kuna soketi ya nje, ile ya spika za krusedi, mikutano ya injili ya nje. Nikachomeka, nikaingia ndani kuomba. Kujaza inachukua siku mzima, kwa hivyo nikaomba siku mzima. Kumbe Jumatano ni ya akina mama! Wakafurahi sana kuona mwanaume. Wakaniweka mbele. Nimeombea wajane. Nimeombea ng'ombe ya mtu ambayo imekataa maziwa. Nimekatakata kabeji. Philip, yule mtu wa kutoka Kakamega anaangalia kanisa, akanipa mkono akasema hajawahi kuniona hapo siku isiyo Krismasi. Nikamwambia nimeguswa.

Baada ya chakula tukafunga macho tena. Mama mmoja akaanza kupiga kelele, moto! moto! Nikajibu amina! Akasema tena, moto! Nikasema ushuke, Baba! Halafu nikasikia harufu. Nikafungua jicho moja.

Ngai! Moshi kwa dirisha! Ile waya yangu ya kuunganisha, nyembamba, ya pasi, imeyeyuka kwa soketi kama mshumaa. Taa zikazima. Kinanda ikafa katikati. Akina mama wakatoka mbio na viatu mkononi. Philip akaing'oa na fimbo ya ufagio. Halafu akaifuata na macho, polepole, kutoka kwa ukuta, ikapita kwa maua, mpaka kwa mdomo ya gari yangu. Akasema, bila kupandisha sauti, kumbe Baba Ngendo, ni gari ndio imeokoka.

Betri haijafika hata nusu. Na nimeambiwa nitoe ushuhuda Jumapili.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Nimekata shauri. Petroli itaingia, lakini kwa siri. Na mahali pa siri ni Thika, upande wa Chania, karibu na maporomoko. Ni nani mtu wa Ruiru anaenda kuangalia maji ikianguka?

Nilienda kimya kabisa. Hiyo gari ikitumia stima haina sauti, hata kuku haitoki njiani. Kufika kwa kilima, vuuuu! Kitu ikanguruma chini yangu! Sijagusa kitu! Nilidhani kuna mtu amejificha kwa buti. Nikasimama, nikaangalia nyuma, nikaangalia chini. Ni injini! Stima imeisha, imejiamsha yenyewe bila ruhusa! Na ule mshale wa petroli ukaanza kuenda chini nikiuona na macho yangu. Yaani hii kitu inakunywa hivi? Betri iko tupu lakini uzito haujapungua, sasa injini inaibeba mgongoni kama maiti.

Nikaingia petroli stesheni nikitoa jasho. Nikafungua dirisha kidogo. Msichana wa kuweka mafuta, Ajwang ameandikwa kwa shati, akapaza sauti kama anauza samaki, karibu babu, tujaze?

Na mbele yangu, kwa pampu ya dizeli, ni nani? Zacharia! Nyuma ya pikapu kumejaa blanketi za wakwe, alikuwa ametumwa Thika kununua. Nililala kwa kiti. Gari ikaonekana haina mtu. Lakini Zacharia anajua hiyo gari kuliko anavyojua watoto wake. Akaja, akaweka uso kwa kioo, akaniuliza wakini unatafuta nini huko chini. Nikasema nimekuja kuweka upepo kwa tairi. Upepo si petroli! Akasema ni kweli, upepo haukukatazwa. Halafu akavuta kiti ya askari, akaketi, akasema atanisubiri.

Nimewekewa upepo tairi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akauliza na spea? Nikawekewa na spea. Ajwang akaniuliza kama natoka mbali. Zacharia akamjibu kwa niaba yangu, ati natoka Japani.

Nimerudi Ruiru mpole kama mtu anabeba mayai. Hata tone sikununua.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Kesho ndio kesho. Nimeenda kwa msichana wetu Ngendo, Githurai 45. Anakaa gorofa ya nne. Nilikuwa na waya nene safari hii, tatu, nimeziunganisha. Tukateremsha kutoka dirisha yake mpaka chini kwa gari. Ngendo akaniambia, Baba, si ununue tu petroli hapa, nani atakuona? Nikamwambia Githurai ndio macho ya dunia. Mtu akichinja kuku Githurai, Ruiru wanasikia harufu. Akasema ni kiti tu, Baba. Kiti tu! Huyo mtoto tulimsomesha nini?

Chaji ikaanza kupanda vizuri. Nikaingia ndani kunywa chai. Kuangalia chini, woi! Mama wa gorofa ya pili ameanika nguo kwa waya yangu! Suruali, taulo, na shuka ya kitanda ikichuruzika maji! Nikashuka mbio, goti inalia. Nikamwambia mama, hiyo ni stima! Akaniuliza kama nimelipa kodi ya kupitisha kamba kwa dirisha yake. Tukibishana hivyo, stima ikapotea. Githurai yote! Watu wote wakatoka kwa balkoni wakaangalia waya yangu. Wakaniangalia mimi.

Nimeondoka. Sikumaliza chai.

Betri imepita nusu kidogo. Kuna petroli ya kulowesha ulimi. Nitaenda bila AC, na nitaomba.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Tulitoka Ruiru vizuri. Mimi mbele, Zacharia nyuma na akina mama kwa pikapu. Kwa gari yangu Mzee Absalom, Maina akiwa amevaa suti, na nyuma kabisa zile mbuzi mbili za kufungua ruracio. Zacharia alitaka kuzibeba. Nikakataa. Mbuzi zangu zitapanda Mjapani! Kufika Thika, Mzee Absalom akasema mbuzi zinanuka, niwashe ile baridi. Utamkataza mkubwa wa mbari? Nikawasha. Dashibodi ikaanza kuhesabu kurudi nyuma kama mtu anakata roho.

Tukashika barabara ya vumbi ya Gatuanyaga. Injini ikaamka, vuuu. Mzee akauliza ni nini. Nikasema ni mbuzi.

Halafu ikanyamaza. Kimya kabisa. Mzee Absalom akanisifu, ati sasa ndio gari imetulia. Imetulia kweli! Imekufa! Lakini vile haina sauti ikiwa hai, nani atajua? Nikashika usukani kwa nguvu, nikaangalia mbele, nikaanza kuwapigia hadithi ya lori ya mananasi. Maina alikuwa anafuta jasho na tai, akiniuliza kama tutafika kabla shangazi za msichana hawajakasirika. Nikamwambia tumekaribia. Hapo ndio nyanya mmoja na mzigo ya kuni akatupita. Kwa miguu. Akatusalimia, akapita. Mzee Absalom akamwangalia, akaangalia mti hapo kando, akauliza kwa nini huo mti hauendi.

Zacharia alishuka. Hakucheka hata. Hiyo iliniuma zaidi. Akachukua kamba za mbuzi, akazisokota pamoja, akafunga gari yangu kwa pikapu. Mbuzi zikahama kwake. Mzee Absalom na Maina wakahama kwake. Nikabaki na usukani.

Sasa sikia jambo la kushtua! Kwa ruracio, kitu ikivutwa na kamba ikapita geti ya wakwe, hiyo si yako tena. Hata mtoto anajua. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, kamba ikishapita ni mali ya boma. Mimi nilisahau! Nimeketi ndani nikifikiria kiti yangu imeenda! Akina mama wa kwao msichana wakaimba kwa geti, Zacharia akawajibu vizuri, nakubali, wakafungua. Mbuzi moja ikapita, vigelegele. Ya pili, vigelegele. Halafu mimi. Vigelegele mpaka mbwa zikatoroka!

Tata Gathoni, shangazi ya msichana, akafungua kamba kwa pikapu akaifunga kwa nguzo ya zizi. Akaita wenzake waje waone vile watu wa Ruiru wana heshima. Akafungua boneti, akaangalia ndani, akasema meno yamechakaa lakini ataipokea. Nikapiga kelele ni yangu! Akashangaa, akauliza kwani na huyu mzee ndani pia ni yetu?

Zacharia alisimama kunitetea. Kwa kiti yangu! Aliongea mpaka jua ikageuka. Tata Gathoni akakubali kuifungua, kwa sharti moja: mwenyewe asimame mbele ya watu aseme na mdomo yake hiyo mnyama inakula nini.

Nikasimama. Nikasema inakula stima. Nikasema, na petroli, kidogo. Akasema kamba bado ni yake. Nikaangalia Zacharia, akaangalia viatu. Nikasema inakunywa petroli! Inakunywa kama ndama! Wakacheka mpaka Mzee Absalom akakohoa, na Maina akapewa msichana wake hapo hapo. Mtu wa pikipiki akaniletea petroli kwa mtungi. Sijawahi kuendesha polepole hivyo.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Ushuhuda sikutoa. Philip ameweka soketi ya nje kufuli. Pia mlango wa choo cha wanaume, kuna balbu ndani.

Lakini nikiwa kwa benchi, wakati wa mahubiri, kitu ikaniingia kichwani. Fundi mmoja wa Ruiru anauza jenereta ndogo. Inaingia kwa buti! Inanguruma, inatoa stima, stima inaingia kwa gari, na gari inaenda. Anayekunywa petroli ni jenereta. Gari yenyewe, hata tone! Nani atanishika? Mwezi ujao wakwe wanakuja kuona boma letu, na wanahitaji mtu wa kwenda kuwapokea Gatuanyaga na wa kuwaongelesha.

Nimetoka kanisani moja kwa moja mpaka kwa Zacharia, nikamwambia tuwekeane dau tena kwa ile kiti ya msemaji, gari yangu bila petroli. Alinipa mkono kabla sijamaliza kuongea. Uoga umemwingia, huyo.